Walipona Mulago... halafu?

Najua nimepotea. Wiki mbili hizi nilikuwa na kazi ya historia: andika juu ya sayansi Afrika Mashariki katika miaka ya mwisho ya ukoloni. Darasa zima limekimbilia reli na karafuu, mie nikachagua kansa ya watoto. Kazi nimeshaikusanya. Haya ninayoandika hapa ni yale yaliyobaki nje ya kurasa nane, na kwangu ndiyo matamu zaidi.

Mliosoma baiolojia mnalijua jina la Burkitt. Denis Burkitt alikuwa daktari wa upasuaji kutoka Ireland, mwenye jicho moja tu, jengine alilipoteza utotoni. Mwaka 1957 pale Mulago, Kampala, mwenzake Hugh Trowell alimwita amtazame mtoto wa miaka mitano aliyevimba taya, juu na chini, kulia na kushoto. Hajakaa sana, akaenda Jinja, akakuta mtoto mwengine na uvimbe ule ule. Mwaka 1958 akaandika habari zake. Mwaka 1961 yeye na madaktari wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, wakaingia kwenye Ford kuukuu, wakaenda maili 10,000 kuelekea kusini, hospitali hadi hospitali, wakionesha picha na kuuliza: huu mmeuona? Wakakuta unafuata joto na mvua, yaani kule kule kwenye malaria. Na sisi tumo kwenye hadithi hii jamani! Pwani ya bara ulikuwepo, lakini Unguja na Pemba ulikuwa nadra, jambo ambalo baadaye lilihusishwa na kupungua malaria visiwani.

Hapo ndipo vitabu vingi vinapopiga makofi na kufunga ukurasa. Mie nnataka kujua wale watoto waliendaje.

Kumkata mtoto taya ni kumharibu uso, na Kampala wakati ule hakukuwa na mashine ya mionzi. Kwa hiyo ikabaki dawa: methotreksati, siklofosfamidi, na vinkristini. Hii ya mwisho inatoka kwenye lile ua la rangi ya waridi lenye majani matano linaloota ovyo pembezoni mwa kuta zetu, asili yake Madagaska. Siku nyengine mkilipita mliamkie. Matokeo yalikuwa ya ajabu. Uvimbe uliomzuia mtoto kufumba mdomo ulikuwa ukinywea ndani ya siku chache. Mwaka 1967 Burkitt alichapisha habari za watoto waliokaa muda mrefu bila ugonjwa kurudi baada ya dozi moja au mbili tu. Moja au mbili! Siku hizi mtoto anamaliza miezi kwenye dripu.

Lakini dawa inayoua seli haraka hivyo haichagui sana. Kwanza kulikuwa na jambo ambalo mie nilikuwa sijalisikia kabisa: uvimbe mkubwa ukifa kwa mpigo, uchafu wake wote humwagika kwenye damu, figo zikazidiwa, na mtoto aliyekuwa anaelekea kupona anaweza kufa kwa sababu dawa imefanya kazi kupita kiasi. Ndiyo maana siku hizi hutangulizwa maji mengi ya dripu. Halafu zile nywele kutoka, vidonda vya mdomo, na damu kupungua mpaka homa ndogo inakuwa hatari. Haya yote wodi inayaona.

Yasiyoonekana wodini ni ya baadaye. Vinkristini hugusa mishipa ya fahamu. Mtoto anaweza kuburuza mguu, kitako cha mguu hakinyanyuki vizuri. Siklofosfamidi ikiwa nyingi inaweza kumnyima mtu uzazi, na hilo litajulikana lini? Siku ameoa na watu wanahesabu miezi. Sisplatini, dawa nyengine iliyokuja baadaye, hupunguza usikivu, hasa wa sauti nyembamba. Mionzi ya kichwa humfanya mtoto awe mzito wa kusoma na kukumbuka. Mionzi ya taya huzuia mfupa kukua na meno yasitoke sawa. Kuna utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2006, waliangaliwa watu zaidi ya 10,000 waliotibiwa kansa wakiwa wadogo: karibu 62 katika kila 100 walikuwa na angalau maradhi moja ya kudumu. Sasa kwao unajua kwa sababu kuna mtu anawapigia simu miaka thelathini.

Huku kwetu nani awapigie? Hapa ndipo nilipowapenda watu wa Kampala. Mwaka 1967 Mulago ilifunguliwa wodi ya utafiti wa kansa hii, Makerere wakishirikiana na taasisi ya kansa ya Marekani, mkuu wake John Ziegler. Wafanyakazi walikuwa wakitoka na gari kwenda vijijini kuwatafuta watoto walioruhusiwa. Ziegler akaondoka mwaka 1972, zama za Amin, Charles Olweny, Mganda, akashika usukani. Dawa shida, nchi inaungua, na bado mwaka 1980 yeye na wenzake wakachapisha matokeo ya miaka mingi. Kwa maoni yangu hiyo ni kazi kubwa kuliko ile safari ya Ford, ila haina picha nzuri. Swali la zama zile lakini lilikuwa moja kubwa: yuko hai? Na lilikuwa na haki ya kuwa la kwanza. Mguu, sikio na uzazi vilisubiri.

Hata leo vinasubiri. Shirika la Afya Duniani lilianza mpango wake mwaka 2018, likitaka ifikapo 2030 wapone angalau watoto 60 katika kila 100. Nchi tajiri zimeshapita 80, nchi maskini haziifikii 30. Mtoto wa Unguja kwa miaka mingi amekuwa akivushwa kwa boti kwenda Dar, na wanaorudi wazima wanaongezeka, alhamdulillahi. Wanarudi wapi? Skuli. Kwetu sisi walimu watarajiwa!

Kwenye mazoezi ya kufundisha nilikuwa na kijana wa darasa la sita, wenzake wakimwita "Mzee" kwa anavyotembea. Kwenye mstari wa asubuhi yeye ndiye wa mwisho kila siku, na wa mwisho anajua kinachomsubiri. Nikamuuliza mama yake, akanambia alitibiwa kansa akiwa na miaka minne. Dawa gani, bi mkubwa? Hakumbuki majina, nani angekumbuka. Anakumbuka rangi tu: "Kulikuwa na ile nyekundu, mwanangu, hata mkojo ulitoka mwekundu."

Nyekundu nimeisoma juzi. Inaitwa doksorubisini, na ina kiwango ambacho mtu hatakiwi kukipita maisha yake yote, kwa sababu huweza kudhoofisha moyo, wakati mwengine miaka kumi au ishirini baadaye, mtu anajiona mzima kabisa. Jina la dawa na jumla ya dozi ndiyo mambo ambayo daktari atakayemuona akiwa na miaka thelathini atayahitaji.

Mama aliniuliza kama mwanawe anaweza kukimbia mbio za skuli mwezi ujao, maana mwenyewe anataka, mguu na wote. Nikamwambia kwanza akapimwe moyo. Mpaka jana alikuwa bado anatafuta nauli ya boti.

Haya, nalala. Saa mbili nna pepa la saikolojia.