Herufi Moja Iliyokosewa

Jengo la zamani la kampuni ya simu pale Shangani, Unguja, siku hizi ni hoteli. Wageni hunywa chai wakitazama bahari, na sidhani wengi wao wanajua kilichokuwa kikipita chini ya maji yale. Mwaka 1879 mkongo wa telegrafu kutoka Aden ulifika Unguja, ukaendelea kusini hadi Msumbiji na Durban. Nimeanzia hapa kwa sababu nataka kufuata njia ya kosa dogo kabisa, herufi moja iliyobadilika ikiwa safarini, na watu waliokataa kuliachia.

Kila neno la telegrafu lililipiwa, na halikuwa rahisi. Kwa hiyo wafanyabiashara walibuni vitabu vya maneno ya mkato, ambamo neno moja lisilo na maana yoyote lilibeba sentensi nzima: shehena imepakiwa, bei imeshuka, usinunue. Fedha ziliokolewa, lakini hatari ikaongezeka. Umeme ulidhoofika njiani na makarani walichoka. Herufi moja ikibadilika, agizo la kununua lingeweza kugeuka kuwa la kuuza.

Kitabu cha Bentley, kilichotoka London mwanzoni mwa karne ya 20, kilikuwa na dawa. Maneno yake ya herufi tano yalipangwa ili mawili yoyote yatofautiane kwa herufi mbili au zaidi. Herufi moja ikiharibika, linalotokea si neno jingine la kitabuni. Karani alijua palepale kwamba pana kosa. Lakini kujua kwamba kosa lipo si kujua liko wapi, na mara nyingi kilichobaki ni kuomba ujumbe urudiwe.

Njia inavuka bahari hadi Marekani, mwaka 1947, kwenye maabara za Bell. Mwanahisabati Richard Hamming alikuwa na hesabu ndefu za kufanyiwa na mashine ya rilei (swichi za umeme), ila zamu yake ilikuwa mwisho wa wiki, wakati mashine haina mtu. Siku za kazi mashine ikigundua kosa, wahudumu walikuja kulirekebisha. Mwisho wa wiki iliiacha kazi ile na kurukia nyingine. Hamming alirudi akakuta hesabu zake zimetupwa. Wiki iliyofuata, hali ileile. Akajiuliza: kama mashine ina akili ya kujua imekosea, inashindwaje kujua ilipokosea?

Jibu lake lina uzuri ambao huwa nauchora kwenye karatasi kila ninapopata nafasi. Chukua nafasi saba za 0 na 1. Ujumbe wenyewe unakaa nafasi ya 3, 5, 6 na 7. Nafasi ya 1, 2 na 4 ni za wakaguzi. Mkaguzi wa 1 anaangalia nafasi 1, 3, 5 na 7. Wa 2 anaangalia 2, 3, 6 na 7. Wa 4 anaangalia 4, 5, 6 na 7. Kila mkaguzi anahakikisha idadi ya 1 katika kundi lake ni shufwa. Ujumbe unapofika, tuseme mkaguzi wa 1 na wa 4 wanakuta witiri, na wa 2 haoni tatizo. Jumlisha 1 na 4. Kosa liko nafasi ya 5. Kama ni 0, ifanye 1. Hakuna aliyeombwa kurudia.

Makala ya Hamming ilichapishwa mwaka 1950. Miaka miwili kabla, Claude Shannon wa maabara hizohizo alikuwa amethibitisha kwamba kelele haizuii usahihi: mradi usitume kwa kasi inayozidi uwezo wa njia yako, makosa yanaweza kupunguzwa kadiri utakavyo. Hakuonyesha mpangilio wenyewe wa kufanya hivyo. Alizungumzia pia ziada iliyomo ndani ya lugha, na hapa Mswahili hahitaji maelezo mengi. Mtu akikuita kutoka upande wa pili wa soko, “Vile vikombe vyangu vikubwa vimevunjika,” kelele ikimeza kiambishi kimoja, vilivyobaki vinakirudisha. Tumekuwa tukituma wakaguzi ndani ya kila sentensi tangu utotoni.

Ziada kama hii ilifika hata anga za juu. Mwaka 1971 chombo cha anga Mariner 9 kilifika Mirihi na kukuta vumbi limeifunika sayari. Lilipotulia, picha zilianza kuja duniani kwa mawimbi dhaifu mno. Kila biti 6 za picha, yaani zile 0 na 1, zilitumwa zikiwa biti 32. Hata 7 kati ya hizo zikiharibika, zile 6 zilisomeka zilivyo. Ndivyo wanadamu walivyoyaona mabonde na volkano za Mirihi: biti ishirini na sita za ziada zilizotumwa kwa ajili ya sita.

Anayenigusa zaidi ni Robert Gallager. Mwaka 1960, akiwa mwanafunzi wa chuo cha MIT, aliandika tasnifu kuhusu mpangilio ambao kila mkaguzi anasimamia biti chache tu, na wakaguzi wanapashana habari kwa zamu hadi wakubaliane. Kompyuta za wakati ule hazikuweza kuubeba. Ukakaa karibu kusahaulika hadi miaka ya 1990, watafiti walipoufufua na kuona unakaribia sana kikomo alichokichora Shannon. Sasa ndio unaolinda data katika mtandao wa 5G.

Jioni napiga picha jengo la Shangani na kumtumia dada yangu. Hewani biti zinageuka, 0 inakuwa 1, na wakaguzi wa Gallager wanazirudisha moja moja. Dada anajibu kwamba ameona hata nyufa za ukutani.