Kisu cha kati na kisu kikubwa: uchaguzi wa kisu cha nje Tchomia

Kisu kisichokunjwa ni kisu ambacho bapa lake limeshikamana na mpini moja kwa moja, bila bawaba, na hubebwa ndani ya ala. Kwa kazi za nje, kama uvuvi, kilimo, uwindaji na safari, visu vya namna hii hutofautishwa zaidi kwa urefu wa bapa. Cha kati huwa na sentimita 10 hadi 15. Kikubwa huanzia kama sentimita 18, na ukoo wake huishia kwenye panga, ambalo bapa lake aghalabu hufika sentimita 40 hadi 50. Mipaka hiyo ni ya mazoea tu. Makala hii inaangalia uchaguzi huo kutoka Tchomia, kwenye Ziwa Albert, ambako kazi ya majini na kazi ya mlimani haziko mbali, na ambako urefu wa chuma alichoshika mtu husomwa na watu wengine kabla ya kutumika.

Mahali na kazi zake

Tchomia ni kituo cha wavuvi kwenye ufuo wa magharibi wa Ziwa Albert, katika teritwari ya Djugu, mkoa wa Ituri, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Ziwa hilo, lililoitwa Ziwa Mobutu enzi za Zaire, lina urefu wa kilomita 160 hivi na liko takriban mita 620 juu ya usawa wa bahari. Bunia, makao makuu ya mkoa, iko juu zaidi kwa mita zisizopungua 600, kwa hiyo barabara inayopita Bogoro na Kasenyi huteremka ukingo mkali wa Bonde la Ufa kabla ya kufika majini. Chini kuna joto, mchanga, nyasi na miti ya miiba. Juu kuna mashamba na malisho ya ng'ombe. Magharibi zaidi, upande wa Mambasa, msitu mkubwa wa Ituri huanza.

Mtu mmoja anaweza kuvuta nyavu alfajiri, akapasua kuni za kukaushia samaki mchana, na kesho yake akapanda kwa ndugu zake kulima. Ndiyo maana swali la kisu kipi cha kununua halijibiki kwa kusoma maelezo kwenye boksi la dukani.

Kisu cha kati na samaki

Samaki anayepima kisu kuliko wote ziwani humo ni sangara, ambaye Kongo huitwa kapiteni na ng'ambo, Uganda, mputa. Kinyume na Ziwa Viktoria, alikopandikizwa miaka ya 1950, Ziwa Albert ni kwao kwa asili. Akikomaa anaweza kupita kilo 100, ana magamba magumu, na mapezi yake ya mgongoni yana miiba inayotoboa kiganja.

Kumpasua ni kazi ya ncha na kidole. Samaki hulazwa ubaoni tumbo likimwelekea mpasuaji. Ncha ya kisu huingizwa kwenye tundu la nyuma, kina cha sentimita moja au mbili tu, makali yakitazama juu, kisha husukumwa kuelekea mashavuni. Kidole cha shahada hulala juu ya mgongo wa kisu, na hicho ndicho kinachopima kina. Ncha ikizama zaidi hupasua nyongo, na nyama iliyomwagikiwa nyongo huwa chungu hata ukiiosha. Tena kuna bondo, ule mfuko wa hewa ulio chini ya uti wa mgongo, ambao katika Maziwa Makuu hununuliwa kwa ajili ya soko la China kwa bei inayoiacha nyama mbali sana. Bondo lililotobolewa hushuka daraja. Mpasuaji mwenye kisu cha sentimita 12 analitoa zima kwa kukwangua taratibu ukingoni mwake. Mwenye kisu cha sentimita 25 anafanya kazi hiyohiyo huku ncha ikimcheza mbali na mkono, asiione inapopita.

Bapa la kisu cha samaki linafaa liwe jembamba, milimita 2 au pungufu. Samaki wa kutiwa chumvi hupasuliwa kupitia mgongoni akafunguka kama kitabu, kisha minofu huchanjwa ili chumvi ipenye. Bapa nene halichanji. Husukuma nyama pembeni. Hapo ndipo visu vizito vya kijeshi vinavyouzwa kama visu vya porini hushindwa na kisu cha jikoni cha bei ndogo.

Ndani ya mtumbwi, ufupi wa kisu ni usalama. Wavu ukijisokota kwenye panga boi la injini, mtu huinama nyuma ya chombo huku mawimbi yakimyumbisha, mkono mmoja ukishika ubao na mwingine ukikata nailoni chini ya maji. Panga halina nafasi hapo. Kisu kinachofaa zaidi hapo, tofauti na cha kupasulia samaki, kina ncha butu, ili chombo kikiyumba kisimchome mtu wala kutoboa wavu mzima ulio kando, na kina kamba inayokifunga kiunoni, kwa sababu kisu kilichoanguka ziwani hakirudi. Ala iwe ya plastiki yenye tundu chini la kutolea maji. Ya ngozi ikilowa hukaa na unyevu na kukilea kisu katika kutu.

Kisu kikubwa: kuni, vichaka, mlima

Kazi ya kufyeka hubadilisha hesabu yote. Nguvu ya pigo huongezeka kwa mraba wa mwendo, na sehemu ya bapa iliyo mbali na mkono ndiyo inayokwenda kasi zaidi. Kwa hiyo panga jembamba la sentimita 45, lenye unene wa milimita 2 na uzito wa nusu kilo hivi, hukata tawi bichi vizuri kuliko kisu kinene cha sentimita 20 chenye uzito uleule. Panga la Afrika Mashariki hupanuka kuelekea mbele, ili uzito ukae pale pigo linapotua.

Msitu wa Ituri una historia yake ya kazi hii. Mpelelezi Henry Morton Stanley aliondoka Yambuya, kwenye mto Aruwimi, tarehe 28 Juni 1887 akimtafuta Emin Pasha, gavana wa jimbo la Ekwatoria, akafika Ziwa Albert mwezi Desemba mwaka huohuo. Walio wengi katika msafara ule walikuwa watu walioajiriwa Zanzibar, na watangulizi wao walikata njia kwa mashoka na visu vizito vya kufyekea. Njaa, maradhi na mishale iliwaua wengi. Yeyote anayedhani msitu huo unapitika kwa kisu cha mkononi akumbuke kuwa safari ile ilichukua zaidi ya miezi mitano.

Hata hivyo panga lina mipaka. Kwa nyasi ndefu za tambarare, fyekeo lililopinda ncha ni bora na halichoshi mgongo. Kwa magogo makavu, shoka halina mpinzani. Panga hushinda katikati: matawi mabichi, vichaka vya miiba, migomba, miwa, na kuchanja kuni ndogo kwa kuliweka juu ya kipande na kuupiga mgongo wake kwa rungu la mti. Njia hiyo ya rungu ndiyo inayofaa pia kwenye kichwa cha sangara mkubwa: panga huwekwa penye kiungo cha uti, likapigwa mara moja au mbili. Anayelirusha kutoka juu hupasua mfupa vipande vipande, na vipande hivyo hubaki ndani ya nyama.

Urefu wa panga uendane na mwili. Simama, mkono ukining'inia na panga mkononi. Ncha ikigusa ardhi, ni refu mno kwako, maana pigo likikosa shabaha litaishia kwenye muundi au unyayo. Majeraha ya panga kwa mkulima mara nyingi ni ya mguu wa upande ule asioshikia panga, au ya mkono ulioshika tawi. Jeraha la namna hiyo, hata dogo, linahitaji kuoshwa kwa maji mengi na sindano ya pepopunda.

Ukubwa wa katikati

Kati ya kisu cha kati na panga kuna visu vya sentimita 18 hadi 22 vinavyosifiwa kuwa vinaweza kila kitu. Mfano wake mashuhuri ni kisu cha Ka-Bar, chenye bapa la sentimita 18 hivi, kilichopitishwa na wanamaji wa Marekani mwaka 1942. Askari anayebeba mzigo mzito na asiyejua kesho atahitaji nini ana sababu ya kukitaka. Mvuvi hana. Kwenye samaki ni kirefu na kinene mno, kwenye kichaka ni kifupi mno, na bei yake peke yake ingenunua panga, kisu cha samaki, tupa na kinoo. Mfano wa upande wa pili ni visu vya Mora kutoka Uswidi, vyenye bapa la sentimita 10 hivi na bei ya chini, ambavyo vimetosha kwa wavuvi na mafundi wa nchi nyingi bila kelele.

Chuma, chumvi na makali

Maji ya Ziwa Albert ni baridi, yaani si ya chumvi kama ya bahari, lakini kisu cha Tchomia hushinda kwenye chumvi ya samaki. Chuma chenye kaboni nyingi hunoleka upesi na kupata vizuri, ila kikilala na chumvi usiku mmoja huamka na madoa ya kutu. Chuma kisichoshika kutu kwa urahisi, chenye kromiamu isiyopungua asilimia 10.5, huvumilia zaidi. Kile cha bei nafuu huwa laini na hupoteza makali mapema kwenye magamba. Kwa kisu cha samaki uvumilivu ndio wa kutangulizwa, kwani kunoa ni kazi ya dakika tano na shimo la kutu halinoleki. Kwa panga, kaboni.

Wahunzi wa Afrika Mashariki na Kongo hufua visu na mapanga kutoka springi za magari, chuma chenye kaboni ya asilimia 0.6 hivi, kinachopinda bila kuvunjika. Kazi nzuri ya mhunzi hupita panga jepesi la kiwandani. Ubovu wake mara nyingi huwa kwenye upoozaji: kisu kilichotumbukizwa majini kikiwa chekundu kisha kisipashwe moto tena kidogo huwa kigumu kama kioo, na makali humeguka. Mnunuzi apitishe tupa juu ya makali. Kwenye panga, tupa inapaswa kung'ata kidogo. Ikiteleza kabisa kama juu ya chupa, panga hilo litameguka. Ikila kama inakula bati, halikupoozwa.

Kisu cha samaki hunolewa kwa kinoo chenye maji, pembe ya nyuzi 20 hivi kila upande. Panga hunolewa kwa tupa, pembe pana zaidi, nyuzi 25 hadi 30, ili makali yasijikunje kwenye mti mgumu. Sentimita chache karibu na mpini ziachwe butu kwa usalama wa kidole. Mpini uliolegea usifungwe kwa waya, maana waya hutoboa kiganja. Utepe wa mpira wa ndani wa baiskeli, uliovutwa na kuzungushwa, hushika hata mkono ukiwa na utelezi wa samaki.

Chuma kirefu barabarani

Hakuna maelezo ya panga huko Ituri yanayoweza kuacha vita. Tarehe 24 Februari 2003 kijiji cha Bogoro, kilichoko kwenye barabara hiyohiyo ya Bunia na Kasenyi, kilishambuliwa kwa bunduki na mapanga. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilimtia hatiani kiongozi wa wanamgambo Germain Katanga kwa kushiriki katika uhalifu huo mwaka 2014. Kuanzia mwisho wa 2017 mauaji yalirudi Djugu, mengi yakiwa ya panga, na mwanzoni mwa 2018 makumi ya maelfu ya watu walivuka ziwa kwa mitumbwi kwenda Uganda, wengine wakipandia Tchomia. Mei 2021 mkoa uliwekwa chini ya utawala wa kijeshi.

Matokeo yake kwa uchaguzi wa kisu ni ya moja kwa moja. Mkulima anayetembea na panga wazi jioni, mbali na shamba lake, anaweza kumtisha mwenzake asiyemfahamu au kulazimika kujieleza kwa muda mrefu kwenye kizuizi cha barabarani. Mwenye kisu cha kati ndani ya kapu la samaki hana la kujieleza. Panga la safari lifungwe kwenye gunia pamoja na jembe, makali yakiwa yamezungushiwa kitambaa, likae chini ya mzigo na si begani.

Uamuzi

Anayeishi kwa samaki anunue kwanza kisu cha sentimita 12 hadi 15, chembamba, kisichoshika kutu, na panga la familia libaki nyumbani kwa kuni. Anayeishi kwa shamba anunue panga la sentimita 45 na tupa siku hiyohiyo, kisha kisu chochote kidogo cha jikoni. Mwenye fedha za kisu kimoja cha gharama azigawe kwenye viwili vya kawaida, na kisu cha sentimita 20 kinachodai kuweza kila kitu akiache dukani.