Mabao tisa ya Mulamba Ndaye

Machi 1974, katika Kombe la Mataifa ya Afrika lililochezwa Misri, mshambuliaji wa Zaire (leo Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo), Pierre Ndaye Mulamba, alifunga mabao 9. Zaidi ya miaka 50 imepita na hakuna aliyeifikia hesabu hiyo katika shindano moja. Laurent Pokou wa Côte d'Ivoire alifunga 8 mwaka 1970. Vincent Aboubakar wa Kamerun naye alifunga 8 mwanzoni mwa 2022 akaishia hapo. Hata Samuel Eto'o, mwenye mabao 18 ya jumla, aliyapata kwa kushiriki mara sita.

Mulamba alizaliwa mwaka 1948 huko Luluabourg, mji tunaouita leo Kananga. Mashabiki walimpachika jina la "Volvo" kwa sababu ya nguvu zake. Mwaka 1973 klabu yake, Vita Club ya Kinshasa, ilitwaa ubingwa wa Afrika: ilifungwa 4-2 na Asante Kotoko nchini Ghana, kisha ikapindua matokeo nyumbani kwa 3-0. Desemba ya mwaka huohuo Zaire iliichapa Moroko 3-0 na kuwa nchi ya kwanza ya Afrika kusini mwa Sahara kufuzu Kombe la Dunia.

Misri ndiko alikong'ara. Aliifunga Guinea mabao 2 na Morisi bao 1. Katika nusu fainali dhidi ya wenyeji, Zaire ilishinda 3-2, mawili yakiwa yake. Ikaja fainali ya Cairo tarehe 12 Machi. Zambia ilitangulia, Mulamba akasawazisha, mechi ikaingia muda wa nyongeza. Zikiwa zimebaki dakika tatu akafunga la pili, na Wazaire wakaanza kuona kombe ni lao. Lakini dakika ya mwisho kabisa Zambia ikasawazisha. Kwa kuwa wakati huo mshindi hakuamuliwa kwa penalti, timu zilirudiana siku mbili baadaye. Zaire ilishinda 2-0, na mabao yote mawili yalikuwa ya Mulamba. Yaani mabao yote manne ya Zaire katika fainali hizo mbili yalitoka mguuni kwa mtu mmoja.

Chanda chema huvikwa pete. Rais Mobutu aliwapokea Leopards, kama timu ya taifa inavyoitwa, kwa shangwe, akawapa nyumba na magari. Fahari hiyo haikumaliza hata miezi minne.

Juni walikwenda Ujerumani Magharibi kwa Kombe la Dunia. Baada ya kufungwa 2-0 na Scotland, wachezaji walibaini kwamba pesa walizoahidiwa hazitafika mikononi mwao. Kama walivyosimulia baadaye, walitaka kugoma. Waliingia uwanjani Gelsenkirchen tarehe 18 Juni wakiwa wamevunjika moyo, wakakutana na Yugoslavia. Dakika ya 22, bao la nne lilipoingia, wachezaji walimzonga mwamuzi, na mmoja wao akampiga teke. Aliyepiga ni beki Mwepu Ilunga, na mwenyewe alikuja kukiri. Kadi nyekundu alipewa Mulamba. Mechi iliisha 9-0, naye hakucheza tena katika Kombe la Dunia.

Mwaka 1994 alialikwa Tunisia kuheshimiwa katika Kombe la Mataifa. Aliporudi nyumbani, watu wenye silaha walimvamia wakidhani amekuja na utajiri, wakampiga risasi mguuni. Mwaka 1996 alikimbilia Afrika Kusini kama mkimbizi. Huko Cape Town, mfungaji bora wa Kombe la Mataifa la 1974 alilinda magari ya watu maegeshoni ili apate chakula. Mwaka 1998 uvumi ulienea kwamba amekufa, na katika Kombe la Mataifa kule Burkina Faso uwanja mzima ukasimama kimya kumwombolezea, ilhali yeye alikuwa hai. Alifariki kweli Johannesburg tarehe 26 Januari 2019, akiwa na miaka 70.

Sisi wa Bunia, mashariki mwa Kongo, tunaielewa habari hii kuliko wengi. Watu wa kambi ya wakimbizi wa ndani ya Kigonze wanajua maana ya kuamka ukiwa na shamba, ng'ombe na heshima kijijini, ukalala ukiwa jina kwenye orodha ya msaada. Mulamba alikuwa mkimbizi kama wao, na kombe alilolileta halikumkinga. Ndiyo maana Februari 2024, kabla ya nusu fainali ya Kombe la Mataifa na Côte d'Ivoire, Leopards walipoziba midomo kwa mkono mmoja na kuelekeza vidole viwili kwenye panja kama bastola, kuililia mashariki ya nchi, wengi hapa walihisi kwamba safari hii mpira umewasemea.

Nchi yetu imejua sana kutunza namba 9 na haikujua kumtunza aliyeifunga. Kosa hilo linaweza kurekebishwa kwa walio hai. Kila mchezaji anayevaa jezi ya taifa apate mkataba ulioandikwa, marupurupu yake yalipwe kabla ya mechi, na uwepo mfuko wa bima na pensheni kwa wastaafu. Walimu wa michezo wa Bunia nao wawasimulie watoto maisha yote ya Mulamba, mabao na maegesho, ili kijana anayeota kuvaa jezi ya Leopards ajue mapema haki anazopaswa kudai.