Mlango wa pembeni wa California

Wasomaji wangu mlioko Marekani mmekuwa mkiniandikia jambo moja kwa maneno tofauti. Mzazi yuko Mbagala au Kisumu, anasikia kijana wake kaanza masomo kwenye chuo cha jamii huko California, na swali la kwanza analouliza ni: hicho nacho ni chuo, au ni tuisheni? Kijana anajitetea kwamba atasoma miaka miwili hapo kwa bei nafuu, kisha atahamia chuo kikuu akiwa na nafasi ya uhakika, aingie moja kwa moja mwaka wa tatu. Mzazi haamini. Uhakika gani huo? Nani ameuweka?

Mimi si wakala wa viza, kwa hiyo sitatoa ushauri. Lakini swali la huyo mzazi ni zuri kuliko anavyodhani, na jibu lake ni la kihistoria.

Tuanzie mwaka 1901, mji wa Joliet, jimbo la Illinois. Sekondari ya mji huo iliongeza masomo ya miaka miwili ya chuo, ikaanza na wanafunzi sita. Mtu aliyelisukuma wazo hilo alikuwa William Rainey Harper, rais wa Chuo Kikuu cha Chicago. Unaweza kudhani Harper alikuwa anawahurumia watoto wa vibarua wa Joliet. Labda, lakini alikuwa na hamu nyingine pia. Alitaka chuo kikuu chake kijikite kwenye masomo ya juu na utafiti, na kazi ya kuwafundisha vijana wabichi wa mwaka wa kwanza na wa pili ifanywe na mtu mwingine. California nako walikuwa na watu wenye fikra hiyohiyo, wakapitisha sheria mwaka 1907 kuruhusu sekondari kufundisha miaka hiyo miwili. Fresno wakawa wa kwanza kuitumia, mwaka 1910.

Naomba uliweke hilo akilini. Tangu siku ya kwanza vyuo hivi vilikuwa na kazi mbili zisizopatana: kumsogezea mtu elimu ya juu karibu na kwao, na kumzuia asije kujazana kule juu mapema.

Baada ya vita kuu ya pili, watu wakafurika. Sheria ya 1944 iliwalipia askari waliorudi vitani gharama za masomo, na ripoti ya tume ya Rais Truman ya 1947 ikalitangaza jina la "chuo cha jamii" nchi nzima. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1950 California ilikuwa na tatizo kubwa. Watoto waliozaliwa baada ya vita walikuwa wanakaribia umri wa chuo, na vyuo vya serikali vilikuwa vinagombana. Chuo Kikuu cha California, chenye Berkeley na Los Angeles, kilitaka kibaki peke yake na haki ya kutoa shahada za uzamivu. Vyuo vya jimbo, ambavyo vingi vilianza kama vyuo vya ualimu, navyo vilizitaka. Na kila mbunge alitaka chuo kijengwe kwao. (Hilo la mwisho halihitaji maelezo kwa msomaji wa Afrika Mashariki.)

Hapo ndipo anapoingia Clark Kerr. Alikuwa mchumi, na kabla ya kuwa rais wa Chuo Kikuu cha California mwaka 1958 alikuwa amejijengea jina kama msuluhishi wa migogoro ya wafanyakazi na waajiri. Mpango Mkuu wa elimu ya juu wa 1960 unasifiwa kama hati ya falsafa. Mimi nikiusoma naona mkataba wa mezani, wa mtu aliyezoea kukaa kati ya pande mbili zenye hasira na kumpa kila mmoja kitu cha kwenda nacho nyumbani.

Angalia walivyogawana. Kabla ya mpango, chuo kikuu kilichukua wanafunzi kutoka kwenye takribani asilimia 15 ya juu ya wahitimu wa sekondari, na vyuo vya jimbo kutoka kwenye takribani nusu ya juu. Mpango ukabana: chuo kikuu kichukue asilimia 12.5 ya juu tu, vyuo vya jimbo theluthi moja ya juu. Wengine wote waende vyuo vya jamii, vilivyotakiwa kumpokea yeyote anayeweza kufaidika na masomo.

Umeona kilichofanyika? Mpango unaokumbukwa duniani kwa kufungua elimu ya juu ulianza kwa kupunguza upana wa mlango wa mbele. Maelfu ya vijana ambao mwaka mmoja nyuma wangeingia chuo cha jimbo moja kwa moja sasa waliambiwa waanzie kwingine, na sababu kubwa ilikuwa fedha: kumsomesha kijana miaka miwili ya kwanza kwenye chuo cha jamii ni rahisi zaidi.

Sasa, huwezi kumwambia mpiga kura kwamba mtoto wake amefungiwa mlango halafu ukaishia hapo. Lazima umwonyeshe mlango mwingine. Ndiyo maana mpango ule uliweka njia ya kuhama: aliyemaliza miaka miwili na wastani wa 2.4 apokelewe chuo kikuu, na wa 2.0 apokelewe chuo cha jimbo, hata kama sekondari alifanya vibaya. Ili wapate pa kukaa, vyuo vikubwa vilitakiwa vijipunguzie wanafunzi wa miaka miwili ya mwanzo hadi wafike kama asilimia 40, na 60 wawe wa miaka ya juu.

Kwa hiyo ninaposoma mtu anaandika kwamba nafasi ya uhakika ni msaada kwa wanafunzi wa vyuo vya jamii, nakataa. Si msaada. Ni bei waliyolipwa kwa kuondolewa kwenye foleni. Hilo ni deni.

Na deni lenyewe liliandikwa vibaya. Sheria iliyotiwa saini na Gavana Pat Brown Aprili 1960 ilipewa jina la mbunge Dorothy Donahoe wa Bakersfield, aliyeisukuma kwa nguvu na akafariki mwezi huohuo kabla haijasainiwa. Ilisema nani atafundisha nini na nani atatoa shahada gani. Lakini zile asilimia za kudahili hazikuwekwa kwenye sheria. Zilibaki kuwa sera za bodi za vyuo, yaani ahadi ya waungwana. Wewe umewahi kumdai muungwana?

Mwaka huohuo wa 1960, mwanasosholojia aitwaye Burton Clark, aliyekuwa akifanya kazi Berkeley, kwenye chuo kikuu cha Kerr mwenyewe, alichapisha utafiti wake kuhusu chuo cha miaka miwili cha San Jose. Aliona kitu ambacho mpango haukukitaja. Wanafunzi wengi waliingia wakisema watahamia chuo kikuu. Waliohama kweli walikuwa wachache zaidi. Na wale wengine hawakufukuzwa. Walipewa majaribio ya kuwapima, wakapelekwa kwa mshauri wa masomo, wakaambiwa taratibu kwamba labda ufundi ungewafaa, muhula baada ya muhula, hadi wakajishusha wenyewe bila kelele.

Clark aliuita mtindo huo "kupoza", na neno hilo alilichukua kwa mwenzake Erving Goffman, ambaye mwaka 1952 aliandika kuhusu matapeli. Wale mliowahi kupita Kariakoo au River Road mkakuta karata tatu, au pata potea kama wanavyoiita Nairobi, mtaelewa mara moja. Mtu akishaliwa hela, mmoja wa kundi lile hubaki naye. Anamshika bega, anamwambia kaka, bahati haikuwa yako leo, usije ukajiaibisha kwenda polisi. Kazi yake ni huyo mtu aende nyumbani kimya. Clark hakusema washauri wa San Jose ni matapeli, na kwa haki yao walikuwa watu wema. Alisema mfumo unaowaahidi wengi na kuwapokea wachache utahitaji mtu wa kushika bega.

Nafikiri hiyo ndiyo hoja kali kuliko zote zilizowahi kuandikwa kuhusu vyuo hivi, na kinachonishangaza ni kwamba ilitoka mwaka mmoja na mpango wenyewe.

Yaliyofuata nitayapita haraka. Kerr alifukuzwa na bodi Januari 1967, wiki chache tu baada ya Ronald Reagan kuwa gavana. Mwaka 1978 wapiga kura walikata kodi za majengo, zilizokuwa zikivilisha vyuo vya jamii. Mwaka 1984 vyuo hivyo, ambavyo havikuwa vikitoza ada, vikaanza kutoza dola 5 kwa yuniti. Tangu 2012 ni dola 46.

Katikati ya miaka ya 1980 kampasi za chuo kikuu zilianza kutia saini makubaliano ya kuhama na mwanafunzi mmojammoja, na hapo ndipo lilipozaliwa lile ambalo leo vijana wanaliita TAG. Kampasi 6 kati ya 9 zenye wanafunzi wa shahada ya kwanza zinalo: Davis, Irvine, Merced, Riverside, Santa Barbara na Santa Cruz. Unajaza fomu Septemba, unachagua kampasi moja tu, unatimiza masomo na wastani uliotajwa, nafasi ni yako. Wastani huo sasa hutegemea kampasi na fani, na uko juu ya 2.4 ya Kerr. San Diego ilikuwemo ikajitoa katikati ya miaka ya 2010. Berkeley na UCLA hazimo.

Upande wa vyuo vya jimbo ilibidi itungwe sheria kabisa, ya Seneta Alex Padilla, iliyosainiwa 2010 na Gavana Arnold Schwarzenegger. (Naye alisoma chuo cha jamii, Santa Monica. Hata komando wa sinema alianzia huko, mwambie mzee.) Sheria hiyo inampa mwenye digrii maalumu ya miaka miwili uhakika wa nafasi kwenye mfumo wa vyuo vya jimbo, na inakataza kumrudisha nyuma: amalizie yuniti 60 zilizobaki, basi. Ila ni uhakika wa kuingia kwenye mfumo, si wa kampasi unayoitaka.

Hilo la kurudishwa nyuma ndilo linaloumiza. Ofisi ya ukaguzi ya bunge la Marekani ilikadiria mwaka 2017 kwamba wanaohama kati ya vyuo nchini humo hupoteza kwa wastani asilimia 43 ya krediti zao. Florida walilishughulikia mapema: tangu 1971 wana makubaliano ya jimbo zima, na baadaye wakavipa vyuo vyote vya serikali namba za somo zinazofanana, ili kemia ya Miami isikataliwe Tallahassee. California, yenye sifa zote, ilichelewa miongo kadhaa.

Huku kwetu hili si geni. Tanzania, mwenye stashahada anaweza kuomba chuo kikuu kwa sifa linganishi, akapokelewa vizuri tu, halafu wengi wao wanajikuta mwaka wa kwanza darasa moja na waliotoka kidato cha sita. Miaka miwili au mitatu ya stashahada inahesabika kama tiketi ya kuingilia, si kama masomo.

Kwa hiyo mzazi wa Mbagala, chuo hicho ni chuo. Karibu watatu kati ya kumi wanaohitimu Chuo Kikuu cha California walianzia vyuo vya jamii. Lakini kwa Marekani nzima, wengi mno wa wanaoanza huko wanasema wanataka shahada, na wanaoipata ndani ya miaka sita ni kama mmoja kati ya sita. Muulize kijana wako amechagua masomo gani, na kama mshauri wake ameshaanza kumshika bega.

Kuhusu UCLA, sheria ya 2023 iliitaka ianze mpango wa majaribio kuanzia mwaka wa masomo 2026–27 kwa wenye ile digrii ya kuhama, kwenye fani chache. Neno lililotumika humo ni kipaumbele.