Zulia Ukutani: Usomaji wa Turathi za Dini katika Makumbusho ya Istanbul

Jumba la makumbusho ya dini aghalabu huchukuliwa kuwa ghala la kuhifadhia vitu vikongwe. Historia ya mji wa Istanbul yaonyesha kwamba jumba kama hilo pia ni namna ya kusoma. Chombo cha ibada huondolewa katika muktadha wake, hupewa tarehe na jina la mahali kilikotoka, kisha hukabidhiwa hadhira iliyokuja kutazama wala si kusali.

Mfano mashuhuri ni Hagia Sophia. Kanisa hilo lilikamilika mwaka 537, katika enzi ya Kaisari Justinian. Sultani Mehmet wa Pili alipouteka mji mwaka 1453, liligeuzwa kuwa msikiti, na baadaye picha zake za mozaiki zikafunikwa kwa lipu. Mwaka 1931 wataalamu walioongozwa na Thomas Whittemore walianza kuzifunua. Mwaka 1934 serikali ya Uturuki iliamua jengo liwe makumbusho, nayo yakafunguliwa mwaka 1935. Hapo vibao vinane vya duara, vilivyoandikwa katika karne ya 19 jina la Mwenyezi Mungu, la Mtume, ya makhalifa wanne na ya wajukuu wawili wa Mtume, viliteremshwa. Ukubwa wake haukuviruhusu kupita mlangoni. Mwaka 1949 vikaangikwa tena. Mwaka 2020 mahakama ilibatilisha uamuzi wa 1934, na jengo likarejea kuwa msikiti. Katika kila hatua kuta zilibaki zile zile. Kilichobadilika ni msomaji aliyeruhusiwa kuzisoma, na alichofunuliwa au kufichwa.

Makumbusho ya Sanaa za Kituruki na Kiislamu yalifunguliwa mwaka 1914, na tangu 1983 yamo katika kasri la Ibrahim Pasha. Misahafu na mazulia yake mengi yalitoka misikitini na makaburini, ambako wizi ulikuwa umekithiri. Bila shaka hatua hiyo iliyaokoa. Zulia lililoangikwa ukutani laonyesha nakshi zake zote kwa pamoja, jambo ambalo mwenye kusujudu juu yake hakulipata. Hata hivyo, aliyesujudu alijua zulia lile lilikuwa la nini.

Suala hili lawahusu wahakiki wa fasihi ya Kiswahili kwa karibu. Utendi wa Tambuka, alioutunga Bwana Mwengo huko Pate mwaka 1728, wasimulia vita dhidi ya Herekali. Huyo ndiye Kaisari Heraclius, aliyetawala tangu 610 hadi 641, na ambaye makao yake makuu yalikuwa mji uo huo, Hagia Sophia ikiwa tayari imesimama. Utendi huo nao umehamishwa: kutoka barazani, uliposomwa kwa sauti mbele ya waumini, hadi katika silabasi za vyuo vikuu. Uhamisho huo umewezesha vina, mizani na usimulizi wake kuchunguzwa kwa makini. Lakini mhakiki anayeiona dibaji ya kumsifu Mungu kuwa kaida ya utanzu tu amelitazama zulia asiulize lilitandikwa wapi. Haimlazimu awe muumini ndipo aulize. Yamlazimu tu kuihesabu ibada kuwa sehemu ya maana ya matini, kama zilivyo fani na maudhui.