Lusenda, kijiji kilichokimbia na kukimbiliwa



Zamu hii tunaandika juu ya kijiji cha Lusenda. Sababu ni hii. Mwenzetu mmoja, aliyezaliwa hapa kambini, aliitwa kwenye mahojiano pamoja na familia yake. Akaulizwa, "Kijiji chenu ni kipi?" Akajibu, "Lusenda." Akaulizwa tena, "Ukitoka Lusenda kwenda Uvira unapita wapi?" Akanyamaza. Zoni yake anaijua, namba ya nyumba anaijua, lakini njia ya kwao haijui. Jioni tukaenda naye kwa mzee wa jirani. Mzee akachukua kijiti akachora mchangani: juu kabisa Uvira, halafu Makobola, Swima, Mboko, Lusenda, na chini Baraka. Upande mmoja milima, upande mwingine ziwa Tanganyika. Akasema, "Barabara ni moja tu mjukuu wangu, huwezi kupotea." Tangu siku ile tukaanza kuuliza wazee na kuandika.

Lusenda iko teritwari ya Fizi, Kivu ya Kusini. Ng'ambo ya ziwa ni pwani ya Burundi, upande wa Rumonge. Wenyeji wengi ni Babembe. Wazee wanasema mababu walitoka kwenye misitu ya magharibi, wakapita milima ya Itombwe, kisha wengine wakateremka mpaka ziwani. Zamani kijiji kilikuwa kidogo, watu wa ukoo mmoja au koo chache, na kiliweza kuhama ardhi ikichoka. Wakoloni Wabelgiji ndio waliotaka watu wakae karibu na barabara, ili wahesabike na walipe kodi. Tangu 1917 yakaja mazao ya lazima, na kwa upande wetu pamba ndiyo wazee wanayoikumbuka, maana asiyelima aliadhibiwa. Kwa hiyo ile mistari ya nyumba kandokando ya barabara, ambayo siye tunadhani ndiyo kijiji cha asili, nayo ina historia yake ya kusukumwa.

Katikati ya kijiji palikuwa na lubunga. Kwa wasioijua, lubunga ni nyumba ya wanaume, isiyo na mlango wa kufunga. Hapo wazee waliamua kesi za shamba, za mahari, za mbuzi aliyekula muhogo wa mtu. Hapo vijana walifundishwa ukoo wao. Na mgeni akifika kijijini, alifikia hapo kwanza. Aliulizwa ametoka wapi na anamjua nani, halafu akaletewa bugali.

Chakula kilitoka shambani na ziwani. Bamama walilima muhogo, wakaloweka, wakakausha, wakatwanga. Sombe iliungwa na mawese. Wanaume waliingia ziwani usiku na ekipe, mitumbwi iliyofungwa pamoja yenye taa, kuvua ndagala. Mwezi ukiwa mkubwa taa haivuti samaki, basi hizo zilikuwa siku za kushona nyavu, kujenga nyumba na kuoana. Nyakati za Mobutu ikaja salongo, kazi ya pamoja ya serikali, ambayo watu walifanya wakinung'unika. Likelemba hawakuinung'unikia, kwa sababu pale kila mmoja alijua zamu yake ya kupokea itafika.

Sasa tuje kwenye kukimbia. Mwaka 1964 uasi wa Simba ulishika Uvira na Fizi. Aprili 1965 Che Guevara na Wakuba wenzake walivuka kutoka Kigoma wakatua Kibamba, kusini ya Baraka, na Novemba wakarudi walikotoka. Wageni waliondoka, vita vikabaki na wenyeji. Kuna waliokimbilia milimani, kuna waliovuka ziwa. Mwaka 1967 Laurent-Désiré Kabila akaanzisha chama cha PRP, na kwa miaka mingi milima ya Fizi ilikuwa ya maquis. Mwanakijiji wa kawaida alibanwa kati ya askari wa serikali na watu wa porini.

Oktoba 1996 vita vikaanza tena. Ndipo wazazi wetu wengi walipopanda mitumbwi usiku kuja Kigoma, na Nyarugusu ikafunguliwa mwaka huohuo. Wengine walifuata baada ya vita ya 1998. Mwisho wa mwaka ule watu mamia waliuawa Makobola na vijiji vya jirani. Mzee wetu akifika hapo kwenye hadithi huacha kuchora. Nasi hatumlazimishi.

Lakini kuna upande wa pili ambao hatukuujua. Mwaka 1972, mauaji yalipotokea Burundi, watu wengi walivuka ziwa kuja Uvira na Fizi. Mwaka 1993 wakavuka tena. Na 2015, Warundi walipokimbia kwa mara nyingine, kambi yao ilifunguliwa palepale Lusenda! Kijiji ambacho watu wake walikuwa wakimbizi Tanzania kikapokea zaidi ya watu elfu ishirini. Hema zikasimama karibu na mashamba ya muhogo. Kuni zikawa shida, bei sokoni zikapanda, lakini pia msaada ukatolewa kwa pesa na wakimbizi wakanunua unga na ndagala kwa wenyeji. Watoto wakasoma shule moja.

Mwaka uleule, Warundi wengine walifika hapa kwetu Nyarugusu. Mnakumbuka foleni za maji? Tuseme ukweli, siye vijana hatukuwapokea vizuri. Tuligombana bombani, tukasema "hawa wamekuja kutujazia kambi." Bibi mmoja, mzaliwa wa Lusenda, alikuja na ndoo yake akatuuliza, "Ninyi mnajua kwenu sasa hivi kuna nani?" Hakuna aliyejua. Akatuambia. Kuna mvulana aliyeshusha ndoo yake bila neno, akampisha mama Mrundi aliyekuwa na mtoto mgongoni. Wengine waliendelea kununa, hatutaficha.

Yule mwenzetu wa mahojiano ameitwa tena, bado tunasubiri jibu. Hatujui kama kutaja Swima na Mboko kutamsaidia. Ila sasa hasemi "Lusenda" kama neno la kwenye fomu. Anajua lubunga ilikuwa kwa ajili gani, na anajua ukoo wake ulikaa upande gani wa barabara.

Wazee wetu wanapungua kila mwaka. Tumenunua daftari kwa pesa ya likelemba yetu, na kila Jumapili mchana tunakaa na mmoja wao. Tunaanza na swali lilelile la lubunga: ulitoka wapi, na nani alikupokea? Kijiji kinachofuata ni Swima. Kama una mzazi au bibi wa huko, muulize leo, utuandikie hapa chini. Hata jina la mto tu linatosha kuanzia.