Balagha Si Maneno Makubwa



Ndugu msomaji, naanza kwa kukiri kosa langu. Ramadhan moja nilipewa nafasi ya kutoa darsa fupi baada ya swala ya alasiri, msikiti wa mtaani kwetu. Nilikuwa ndio kwanza nimemaliza kitabu cha Al-Balagha al-Wadiha madrasa, basi nikaona leo ndio leo. Nikamwaga istilahi za Kiarabu, sauti juu, mikono hewani. Nilipomaliza, mzee mmoja akanishika mkono, akaniambia kwa upole: "Mashaallah mwanangu, umesema vizuri. Lakini ulikuwa watwambia nini?"

Nilicheka naye, lakini usiku ule sikulala vizuri. Manake neno lenyewe balagha asili yake ni kufika, na mimi maneno yangu hayakufika hata safu ya kwanza.

Wengi wetu twadhani balagha ni mapambo ya maneno. Hebu turudi nyuma tuwaangalie walioianzisha.

Huko Iraq, mapema karne ya 9, alikuwako mtu akiitwa Bishr bin al-Mu'tamir. Siku moja alipita mahali ambapo mwalimu alikuwa akiwafundisha vijana kuhutubu. Akasimama kusikiliza. Kisha akawaambia vijana waachane na wanayofundishwa, akawapa karatasi aliyoiandika mwenyewe. (Sijui yule mwalimu alijisikiaje!) Karatasi ile ilihifadhiwa na al-Jahiz wa Basra katika kitabu chake Al-Bayan wal-Tabyin, na ndiyo maana twaijua. Bishr awaonya vijana na maneno magumu ya kujikalifisha. Awaambia maana haipati utukufu kwa kuwa ni ya mabwana wakubwa, wala haidharauliki kwa kuwa ni ya watu wa kawaida. Msemaji apime maana zake kwa vipimo vya wanaomsikiliza, kila watu na maneno yao na kila hali na mahali pake. Bishr na al-Jahiz wote walikuwa Mu'tazila, na itikadi yao wanazuoni wa Ahlu Sunna wameijibu. Lakini kwenye kisima chao cha lugha, hata waliowapinga waliteka maji.

Kisa ninachokipenda zaidi ni cha al-Kindi, yule mwanafalsafa mashuhuri. Alimwendea mjuzi wa lugha, Abu al-Abbas, akamwambia kwamba ameona katika maneno ya Waarabu kuna ziada zisizo na kazi. Wasema "Abdullah amesimama", kisha wasema "hakika Abdullah amesimama", kisha waongeza tena mkazo juu ya mkazo, na maana ni ile ile moja. Abu al-Abbas akamjibu: la, maana ni tatu. Ya kwanza ni ya kumpasha habari asiyekuwa na habari. Ya pili ni jibu la anayeuliza. Ya tatu ni ya kumrudi anayekataa. Al-Kindi akanyamaza, hakuwa na la kusema.

Wewe msomaji walijua hili nyumbani kwenu. Mama hajauliza kitu, wapita ukisema, "Nimeswali." Akiuliza, wajibu, "Ndio mama, nimeswali." Akitazama mswala uko vile vile ulivyokunjwa tangu asubuhi, hapo ndipo utasikia, "Jamani mama, kweli nimeswali, muulize baba!" Kitendo ni kimoja, lakini mama amebadilika mara tatu, na maneno yako yamemfuata.

Kisa hiki kimesimuliwa na Abd al-Qahir al-Jurjani, aliyefariki mwaka 1078 katika mji wa Jurjan, Iran ya leo. Alitaka kueleza muujiza wa Qur'ani uko wapi hasa, na jawabu lake ni kwamba uzuri hauko katika neno moja moja bali katika mpango, lipi limetangulia, lipi limeachwa na kwa nini. Waliokuja baadaye, al-Sakkaki (aliyefariki 1229) na al-Qazwini (1338), waliipanga ilimu hii milango mitatu: maani, bayan na badii. Mpango huo umetufaa sana wanafunzi. Lakini mtu akaweza kuhifadhi majina yote ya milango hiyo, asimjue aliyekaa mbele yake. Kama mimi siku ile.

Na kwetu pwani? Sheikh al-Amin bin Ali al-Mazrui wa Mombasa (1891–1947) Kiarabu alikuwa nacho cha kutosha. Historia ya Mazrui aliiandika kwa Kiarabu. Lakini alipotaka kusema na Waislamu wa hapa juu ya elimu, malezi, elimu ya wasichana na israfu za maarusi, mwaka 1930 alianzisha gazeti dogo, Sahifa, kwa Kiswahili, na mwaka 1932 akatoa Al-Islah, lililokuwa na Kiswahili na Kiarabu. Wakati huo mafundisho ya dini kwa Kiswahili yalizoeleka zaidi kwa tenzi. Yeye aliandika nathari ya wazi, kama mtu aliyekaa barazani. Na huyo ndiye aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya tangu 1937 hadi alipofariki. Alikuwa na uwezo wa kuandika kwa namna ambayo wanazuoni wenzake tu ndio wangemwelewa, na wangemsifu. Akachagua kueleweka na muuza samaki.

Ramadhan iliyofuata nilipewa tena nafasi ya darsa. Safari hii nilikwenda kwanza kwa yule mzee, nikamsomea nilichoandika. Alinikatiza mara nne. Mara ya nne akaichukua ile karatasi, akaiweka chini ya kikombe chake cha kahawa, akasema, "Haya, sasa nambie."